Uvuguvugu wa kiroho maana yake nini?

Neno lenyewe tunalijua kutoka jikoni. Maji ya vuguvugu yanafaa kumwogeshea mtoto mchanga, lakini hakuna anayempa mgeni glasi ya maji hayo jua likiwa utosini, wala anayetia majani ya chai humo akategemea chai. Katika Biblia ya Kiswahili neno hilo limepata umaarufu kwa aya moja, Ufunuo 3:16: "Basi, kwa sababu una uvuguvugu, wala hu baridi wala moto, nitakutapika utoke katika kinywa changu." Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo halitokei tena popote katika Agano Jipya.

Wahubiri wengi huifanya aya hii kipimajoto. Moto ni mlokole, baridi ni asiyeamini, na vuguvugu ni yule wa katikati, Jumapili kanisani na Jumatatu kwingineko. Nimeyasikia mahubiri hayo tangu utotoni, na kila mara yalimalizika kwa sisi kuomba tuwashwe moto. Shida ni kwamba aya ya 15 inasema ingekuwa heri kanisa linaloandikiwa, la Laodikia, liwe baridi au moto. Je, Bwana alitamani watu wake wawe wapagani? Wapo wanaojibu ndiyo, kwa kuwa mpagani angalau hajidanganyi. Mimi naona jiografia inajibu vizuri zaidi.

Laodikia, mji ulioandikiwa maneno hayo, ulikuwa katika bonde la mto Lycus, karibu na Denizli ya leo, magharibi mwa Uturuki. Ng'ambo ya bonde ulikuwapo Hierapoli, wenye chemchemi za maji moto ambayo watu walioga kutafuta nafuu ya maradhi. Hadi leo watalii humiminika huko kuziona. Upande mwingine ulikuwapo Kolosai, uliopata maji baridi yashukayo mlimani. Laodikia yenyewe maji yake yalivutwa kutoka mbali kwa mfereji na mabomba, na katika magofu bado yanaonekana mabomba yaliyozibwa na utando mnene wa chokaa. Maji ya moto yanatibu, ya baridi yanaburudisha. Yasiyo hivi wala vile hayamfai mgonjwa wala mwenye kiu.

Kwa usomaji huo, kinachopimwa ni faida ya kanisa kwa walio karibu nalo. Hisia hazimo. Mtu anaweza kuruka na kupiga vigelegele kipindi cha kusifu, jasho likamtoka, akawa vuguvugu vilevile.

Chanzo cha uvuguvugu huo kimetajwa katika aya ya 17, kanisa hilo linaponukuliwa likisema: "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Hayo hayakuwa majivuno matupu. Mwaka 60 BK tetemeko la ardhi liliubomoa mji huo, na mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anaandika kwamba Laodikia ilijijenga upya kwa mali yake, bila msaada wa Roma. Ulikuwa mji wa fedha, wenye sifa ya sufu nyeusi laini, na eneo lake lilijulikana kwa dawa ya macho. Sasa angalia kanisa lake linachoambiwa linunue: dhahabu, mavazi meupe, dawa ya macho. Kila lilichojivunia ndicho linachoambiwa halina.

Kwa hiyo uvuguvugu wa kiroho ni kuridhika: hali ya Mkristo, au kanisa zima, kujiona limeshafika, hata likapoteza uwezo wa kuona upungufu wake. Ni tofauti na kurudi nyuma. Aliyerudi nyuma anajua, na majirani wanajua. Ukimkuta baa atainamisha uso. Mwenye uvuguvugu yuko kiti cha mbele, sadaka yake imeandikwa, na ndiye aliyepangwa kuongoza maombi.

Mara nyingi ndiye mwenye funguo za kanisa pia. Kila barua kati ya zile saba ambazo Ufunuo unayaandikia makanisa imeelekezwa kwa "malaika wa kanisa", na mtajwa huyo anaambiwa "wewe", kama mtu mmoja. Wafasiri wanabishana kama ni malaika wa mbinguni au mchungaji wa pale. Hata tusipolimaliza bishano hilo, kuhani Eli wa Agano la Kale anatosha kutuonyesha jinsi kiongozi anavyopoa: alijua uovu wa wanawe wawili madhabahuni, akawaonya kwa maneno, wala hakuwazuia. Ibada ziliendelea kama kawaida, na pengine hicho ndicho kilichomtuliza. Kiongozi ana wengi wa kumwambia "Mungu akubariki, mtumishi", na wachache sana wa kumwambia "Baba, hapa umekosea."

Dawa iliyoandikwa ni fupi: "basi uwe na bidii, ukatubu." Kutubu ni kugeuka, machozi yanaweza kuwapo au yasiwepo. Wafalme Sauli na Daudi wote wawili walitamka kwamba wametenda dhambi. Sauli akaongeza, "lakini uniheshimu sasa, nakuomba, mbele ya wazee wa watu wangu." Alitaka msamaha usiogusa cheo. Daudi, nabii Nathani alipomnyooshea kidole, alisema amemfanyia Bwana dhambi, basi. Hakuomba kulindiwa jina.

Afrika Mashariki ina kisa chake. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, mmishonari wa Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi kilima cha Namirembe, Kampala. Wote wawili walikiri kiu ya rohoni, wakakaa kusoma Biblia na kuomba. Kanisa la Uganda halikuwa limefungwa. Zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita tangu wamishonari wa kwanza wafike mwaka 1877, na lilikuwa na heshima, shule na hospitali. Ungeliuliza, lingeweza kusema halina haja ya kitu.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mtumishi hukohuko Gahini. Aliuona ubaridi kwanza ndani yake mwenyewe, akajitenga kuomba kabla ya kufungua kinywa juu ya wengine. Kisha akaandaa hoja tatu za kupeleka kwenye sinodi, mkutano mkuu wa kanisa lake: kwa nini kanisa limepoa na kufa, kwa nini wanaoishi dhambini waziwazi wanaachwa kuikaribia Meza ya Bwana, na nini kifanyike ili uamsho uje. Tazama hoja ya pili inamgusa nani. Muumini wa kawaida hajipi ushirika mtakatifu. Hupewa na mchungaji.

Kigozi hakuwahi kuzitetea hoja hizo. Aliugua homa, akafa Kampala Januari 1936. Neno alilokuwa akilihubiri, Zukuka, yaani amka kwa Kiganda, lilishikwa na wenzake, likavuka mipaka hadi Kenya na Tanganyika. Katika mikutano yao ya ushirika, kasisi alisimama kukiri dhambi zake mbele ya walewale aliowahubiria, kisha akarudi kuketi benchi moja na mpishi wake.