Upofu wa Rangi na Kasoro za Upindaji wa Mwanga Jichoni

Mzazi anayegundua kwamba mwanawe anachanganya kalamu nyekundu na ya kijani huenda kumtafutia miwani, na huenda mtoto akarudi anasoma vizuri maandishi ya ubaoni huku rangi zikiendelea kumchanganya vilevile. Hali hizo mbili zina vyanzo tofauti ndani ya jicho.

Kasoro za upindaji wa mwanga, ambazo ni kutoona vizuri vya mbali, kutoona vizuri vya karibu na astigmatizimu (taswira kupotoka kwa sababu uso wa jicho haukupinda sawasawa), kwa kawaida hutokana na umbo la jicho: likiwa refu kupita kiasi, au konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ikiwa na mviringo usiolingana, mwanga haukutani barabara kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na taswira huwa na ukungu, ndipo lenzi ya miwani inapousahihisha. Upofu wa rangi uko katika seli za retina zinazoitwa koni, ambazo ni za aina tatu. Aina moja ikikosekana au ikiwa na hitilafu, baadhi ya rangi hufanana hata taswira ikiwa safi kabisa. Jeni za koni zinazohusika na nyekundu na kijani ziko kwenye kromosomu X, na kwa kuwa mwanamume ana X moja tu, bila ya pili ya kufidia hitilafu, yeye ndiye huathirika zaidi.

Kwa hiyo, mtu akiwa na hali zote mbili, mara nyingi ni sadfa tu, kwani kutoona mbali kumeenea mno. Hata hivyo, ipo mifano adimu ambamo zinaandamana kweli. Katika ukoo mmoja wenye asili ya kisiwa cha Bornholm, Denmark, wanaume walirithi kwa pamoja kutoona mbali kukali na kasoro ya rangi, kutokana na hitilafu katika jeni hizohizo za koni. Katika kisiwa cha Pingelap, Mikronesia, wapo wasioona rangi yoyote, nao huumizwa na mwanga mkali na wengi hawaoni mbali; miwani huwasaidia kwa kiasi, lakini rangi hairudi.

Kwenye chumba cha vipimo, kipo kipimo cha miwani chenye herufi zilizowekwa juu ya nusu nyekundu na nusu ya kijani, ambacho wengi hudhani hakimfai asiyetofautisha rangi hizo. Kinamfaa, kwa sababu mwanga wa kijani hukutana mbele kidogo ya ule mwekundu, na kinachopimwa ni ukali wa herufi. Mpimaji anachotakiwa kumwuliza ni upande upi unaoonekana vizuri zaidi, wa kushoto au wa kulia, bila kutaja rangi.