Protini ya mbegu za kiume isiyotoka kwa mwanaume yeyote

"Shem, hivi hao wanaume wanaotoa hii kitu wanalipwa shingapi?" Ndo voisi niliyoamka nayo juzi, na chini yake picha ya kichupa kidogo kuliko kidole gumba. Shemeji yangu anapeleka mizigo ya maabara, akasoma lebo: protini rikombinanti ya mbegu za kiume, ya binadamu, IZUMO1, kwa utafiti tu. Hii mara ya tatu nasikia hilo swali, na wa kabla yake aliuliza kama inauzwa duka la dawa kwa wenye mbegu dhaifu, sa wacha niandike.

Kwa kifupi, ni protini ambayo jeni yake, yaani maelekezo ya kuitengeneza, ni ya binadamu ila imepandikizwa kwenye seli zingine, labda bakteria, labda hamira, labda seli zinazooteshwa maabara, hizo seli ndo zinaitengeneza, wanaichuja, wanaigandisha, basi.

Kinachoniudhi ni hilo neno rikombinanti. Maana yake kilichoungwa upya, sa watu wanadhani protini yenyewe ndo imekatwakatwa ikaungwa kama kikombe kilichopasuka. Hapana jamani, kilichokatwa na kuungwa ni DNA, ile inayobeba jeni. Mwaka 1973 kule California kina Stanley Cohen na Herbert Boyer waliunga vipande vya DNA wakaviingiza kwenye bakteria wa E. coli, bakteria wakaendelea kuzaana navyo kama vyao. Protini ilikuja kurithi jina tu. Ni kama nguo ya mtumba, mtumba ni lile belo, gauni lenyewe halijawahi kuwa mtumba hata siku moja, lakini jina ndo limeshaganda.

Halafu hiyo "ya binadamu". Hapa lugha yetu inachangia kutuchanganya. Mafuta ya nazi yametoka kwenye nazi, mafuta ya nywele hayajatoka kwenye nywele, na wote tunaelewa bila kufundishwa. Sa hii "ya binadamu" wala sio ya nazi wala sio ya nywele, iko kama pilau ya Zanzibar uliyopikiwa Mwanza, yaani mapishi ndo ya kule, sufuria na mpishi ni wa hapa. Na cha kuchekesha, protini za namna hii mara nyingi zinatengenezwa na seli zinazoitwa HEK293 ambazo asili yake ni figo. Protini ya mbegu, imepikwa na figo! Bakteria wangekuwa rahisi ila hawajui kuweka vile visukari ambavyo seli zetu hubandika kwenye protini, na bila hivyo nyingine hazijikunji vizuri kupata umbo lake.

Inafanya nini sasa? IZUMO1 inakaa kwenye kichwa cha mbegu. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Osaka waliitangaza 2005, wakaipa jina la hekalu la Izumo ambako watu huenda kuomba ndoa. Panya dume wasio nayo wana mbegu zinazoogelea vizuri, zinatoboa mpaka ganda la yai, zikifika ndani zinashindwa kuungana na yai. Ila yai linaishika kwa kutumia nini? Hapo ndo vichupa kama hivi vilipoonyesha faida. Watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walitengeneza Izumo rikombinanti wakaitumia kama chambo, 2014 wakatangaza kwamba kilichonasa ni protini ya kwenye yai, wakaiita Juno, mungu wa kike wa ndoa wa Warumi. Kwa mbegu zenyewe ingekuwa shida, mbegu moja imejaa protini za kila aina, huwezi kujua ipi imeshika nini. Kwenye kichupa iko hiyo moja tu, ndo maana haimpi mtu mimba wala haiongezi nguvu mbegu za yeyote.

Nikamweleza shemeji yote haya, nikamwambia akiulizwa aseme tu jeni ni ya binadamu, kazi pengine imefanywa na seli za figo. Kimya kidogo, kisha voisi nyingine: "Kwa hiyo shem, hao wa figo ndo wanalipwa?"

Hapana shem, hizo seli zinaota maabara tangu 1973. We wahisha mzigo kabla barafu kavu haijaisha.