Ngozi Nyeusi, Mkorogo na Jua: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wapo wanaoamini kwamba mkorogo, yaani mchanganyiko wa vipodozi vya kung'arisha ngozi, huondoa weusi na kuifichua rangi halisi iliyojificha chini yake. Hakuna rangi iliyojificha. Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanositi, ambazo hukaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, na idadi yake haitofautiani sana kati ya mtu mweusi na Mzungu. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini, yaani rangi yenyewe, ambayo seli hizo huitengeneza na kuisambaza kwa seli jirani. Kwa kuwa tabaka hilo hujijenga upya kila baada ya mwezi mmoja hivi, rangi hurudi, na ndiyo maana mtumiaji hulazimika kupaka bila kukoma, jambo linalomfaa zaidi muuzaji.

Ndani ya vichupo vya mkorogo visivyo na lebo mara nyingi mna zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi) au steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) kali kama klobetasoli. Zebaki hupenya hadi kwenye damu na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuingiza nchini vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuleta mashavuni mabaka ya rangi ya buluu iliyoiva, yaliyo magumu mno kutibika, hivyo aliyetafuta weupe akaambulia weusi asioutaka. Steroidi nazo huikondesha ngozi, zikaleta michirizi na chunusi, na vidonda vikachelewa kupona. Anayezipaka kwenye choa huona muwasho umetulia akadhani amepona, kumbe fangasi wanazidi kuenea.

Ndimu nayo husifiwa kuwa salama kwa sababu ni tunda. Maji yake yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua yanaweza kuiunguza na kuacha mabaka meusi kwa wiki kadhaa.

Kwamba mtu mweusi hapati saratani ya ngozi ni nusu ya ukweli. Melanini hupunguza kweli madhara ya jua, na watu wenye ualbino, walio na melanini kidogo sana, ndio wanaohitaji zaidi mafuta ya kukinga jua, kama Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania. Lakini melanoma, saratani inayoanzia kwenye melanositi, ya watu weusi mara nyingi huota kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, mahali ambapo jua si chanzo chake kikuu. Melanoma ya mwanamuziki Bob Marley iligunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole cha mguu, pale palipodhaniwa kuwa na jeraha la mpira tu. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Mstari mweusi unaozidi kutanuka kwenye ukucha mmoja, au kidonda cha unyayoni kisichopona kwa wiki kadhaa, uonwe na daktari wa ngozi kabla ya kupakwa chochote.