Zaka si asilimia 2.5 ya kila kitu

Waislamu wengi wa Uganda, Arua hadi Mbale, huamini zaka (sadaka ya lazima katika Uislamu) ni asilimia 2.5 ya chochote ulicho nacho, tena hutolewa Ramadhani tu. Hesabu hiyo ni ya fedha, dhahabu na bidhaa za biashara, zikifikia nisabu (kiwango cha chini cha kutolea zaka: thamani ya gramu 85 za dhahabu) na kutimiza mwaka wa Hijria, siku 354 au 355. Mwaka wako ukitimia Rajabu, toa Rajabu.

Mwenye duka hujikwaa kwenye mtaji. Bidhaa huthaminiwa kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo, si ya kununulia; rafu, mizani na pikipiki ya kazi haviingii. Tuseme bidhaa ni shilingi milioni 60, taslimu milioni 8, madeni unayowadai wateja, yanayolipika, milioni 4, na msambazaji anakudai milioni 12. Inabaki milioni 60. Ikivuka nisabu, zaka ni 1,500,000.

Shambani mambo hubadilika. Mpunga wa mvua hutozwa asilimia 10, wa kumwagilia kwa gharama asilimia 5, siku ya mavuno, ukifika kama kilo 653. Ng'ombe wa malisho huanzia 30: ndama mmoja wa mwaka. Mbuzi huanzia 40: mmoja.

Kosa linalouma zaidi ni kumpa mama mzazi zaka. Huyo kumtunza ni wajibu wako tayari. Kaka au shangazi fukara ndiye anayestahili.