Boksi la Sabufa la Faiba: Dhana Potofu na Ukweli

Mafundi wengi wa maboksi ya sabufa (spika ya besi) za magari hapa Ngamiani, Tanga, huamini kwamba hadena, yaani kemikali ya kugandisha resini, ikizidi, faiba (nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini) hukauka ikiwa ngumu zaidi. Naanza na dhana hii kwa sababu ndiyo niliyoiona ikiharibu maboksi mengi kuliko nyingine. Resini ya polyesta kwa kawaida huhitaji gramu 10 hadi 20 za hadena kwa kila kilo, na katika joto letu la Februari kipimo kinachofaa ni kile cha chini, kwani joto la hewa lenyewe huharakisha kuganda. Hadena ikizidi, resini huganda kabla haijalowesha nyuzi, hupata moto kupindukia, na ganda huota nyufa. Niliwahi kushika kopo la resini likaanza kufuka moshi mkononi, plastiki yake ikilegea kama nta, ilhali nusu ya mkeka wa nyuzi ilikuwa bado nyeupe na kavu. Kuipunguza mno nako si dawa, maana boksi huweza kubaki likinata siku nyingi.

Wapo wanaosema kwamba umbo lililopinda kufuata buti la gari ndilo linaloleta besi nzito. Wimbi la sauti ya mizunguko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo ndani ya boksi dogo kupinda kwa ukuta hakulibadilishi. Kinachobadilisha besi ni ujazo wa hewa, na kama hewa hiyo inavuja. Faida ya faiba ni kupata lita za kutosha kwenye kona ambayo boksi la mbao lisingeingia. Lita hizo zisikadiriwe kwa macho: mimina mahindi makavu kwa kopo la lita moja huku ukihesabu, kisha utoe nafasi itakayochukuliwa na spika yenyewe. Spika iliyotakiwa kupewa lita 28 ikipewa 18, besi hugonga lakini haishuki.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa resini. Tumia yenye vichujio vya mkaa, tena nje penye upepo.

Dhana ya mwisho ni kwamba kitambaa kilichovutwa na kupakwa resini kinatosha. Kitambaa hutoa umbo tu. Nguvu hutoka kwenye mikeka ya nyuzi, na ule wa gramu 450 kwa mita ya mraba huongeza takriban milimita moja, hivyo mimi sifungi spika kabla ya tabaka sita. Bonyeza kwa dole gumba katikati ya sehemu pana: likibonyea hata kidogo, ongeza tabaka.