Kurundika waya hakuimarishi kiungo

“Ongeza waya, kiungo kiwe imara.” Mafundi wengi wa kulehemu wamerithishana kauli hii, nayo si sahihi. Katika kulehemu vipande vya metali kwa waya wa aloi (mchanganyiko wa metali) ya shaba au fedha, juu ya nyuzi 450 za Selsiasi, vipande vyenyewe haviyeyuki; aloi ndiyo huyeyuka na kunyonywa na mwanya ulio kati ya vipande hivyo. Nguvu imo humo, si kwenye tuta la nje. Kwa aloi za fedha, mwanya unaofaa ni takriban milimita 0.05 hadi 0.13, unene wa karatasi hivi. Ukizidi sana, aloi hainyonywi vizuri na kiungo hudhoofika. Piga msasa, futa mafuta, paka flaksi (dawa ya kusafisha metali inapopashwa moto). Kisha pasha moto vipande, si waya: aloi iliyoyeyuka hufuata joto.