Kukomaza tangi la samaki si kulaza maji

Kukomaza tangi ni kulipatia tangi hilo muda na chakula hadi liwe na bakteria wa kutosha kula amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, na kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, kwa kasi ileile samaki wanavyoitoa. Basi, maana ni hiyo. Kwa tangi jipya lisilopata msaada wowote, kazi hiyo huchukua kama wiki 4 hadi 6.

Kinachohitaji maelezo ni namna neno hili linavyotumiwa na wafugaji wapya wa samaki wa mapambo hapa Mwanza. Mtu ananunua tangi la vioo la lita 60, analijaza Ijumaa jioni, analiacha wazi, na Jumapili anakwambia "maji yangu yameshakomaa". Anatia gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, kumi na wawili na samaki wa dhahabu wawili. Kufikia Alhamisi samaki wamepanda juu wanahema kwenye uso wa maji, mapezi wameyabana, matamvua yamekuwa mekundu. Ijumaa wanaanza kufa. Muuzaji analaumiwa, joto linalaumiwa, na wengine wanakimbilia duka la dawa za mifugo kununua unga wa antibayotiki wa kuku na kuumimina humo. Unga huo unaweza kuwamaliza hata bakteria wachache waliokuwa wameanza kuota.

Alichofanya huyu ni kulaza maji. Ni jambo jema na la lazima, ila lina kazi moja tu: kutoa klorini. Maji ya bomba hapa jijini huvutwa ziwani, husafishwa kwenye mitambo kama ile ya Capripoint na Butimba, na hutiwa klorini kabla ya kufika majumbani. Klorini hiyo inayotukinga sisi na kipindupindu huunguza matamvua ya samaki. Maji yakikaa kwenye ndoo iliyo wazi saa 24 hadi 48, klorini ya kawaida hupotea hewani. Ukitumbukiza jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu kwa pampu, usiku mmoja kwa kawaida unatosha. Nyumba nyingi za vilimani, ambako maji huja kwa mgao na kuwekwa kwenye simtanki, maji yanakuwa yamelala siku kadhaa kabla hata ndoo haijakingwa. Kuyalaza tena ni tahadhari tu.

Lakini maji yaliyolala wiki nzima, hata mwezi, bila chanzo cha amonia, hayajakomaza kitu. Bakteria wanaohitajika wanakula amonia. Pasipo amonia hawana sababu ya kuongezeka, na tangi tupu lenye maji maangavu linaweza kukaa hivyo hadi Krismasi na bado likaua samaki siku ya nne baada ya kuwapokea.

Kosa la pili limejificha kwenye lile neno "maji". Watu wanasema maji yamekomaa, kana kwamba ukomavu unaelea humo ndani. Bakteria hawa hujishika kwenye kitu: kwenye vitundu vya sponji la kuchujia maji, kwenye kokoto, nyuma ya kioo, kwenye mawe na vipande vya mti. Kwenye maji yenyewe ni wachache mno. Ndiyo maana unaweza kubadilisha nusu ya maji ya tangi lililokomaa na samaki wasidhurike, mradi maji mapya yamelazwa na joto lake halipishani sana na la tangi. Na ndiyo maana ukilitoa sponji ukalisugua vizuri chini ya bomba mpaka likawa jeupe, umelirudisha tangi mwanzo, ingawa maji hukuyagusa. Sponji husafishwa kwa kulikamua mara mbili tatu kwenye ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini humohumo, na linarudi likiwa bado la kahawia. Sponji lililokomaa halipendezi machoni. Lina tope laini linaloteleza, na ukilinusa linanukia udongo baada ya mvua. Likinuka yai viza, limekosa hewa.

Hapo ndipo wanapokosea pia wanaoteka maji ziwani kwa hoja kwamba "hayo yamekomaa yenyewe, si samaki wanaishi humo?" Wanaishi, naam, kwa sababu ziwa lina mawe, mchanga, matete na tope la chini lenye bakteria wasiohesabika, pamoja na ujazo wa maji ambao uchafu wa samaki mmoja ni kama haupo. Ndoo uliyoteka haikubeba hayo. Imebeba mwani, pengine vimelea vya samaki, na kama imetekwa kwenye majani ya ufukweni, pengine konokono wanaohifadhi kichocho. Mwanza kichocho si hadithi. Anayetaka maji ya ziwa kwa ajili ya furu wake, wale samaki wadogo wa ziwani, asiingie kwenye maji yenye majani kuyafuata. Ayateke kwenye kina, ayalaze siku 2 kabla ya kuyatumia, na bado atalikomaza tangi kama mtu mwingine yeyote.

Bakteria wenyewe ni makundi mawili. La kwanza, akina Nitrosomonas na jamaa zao, hula amonia na kutoa nitriti. La pili hula nitriti na kutoa nitrati. Vitabu vya zamani humtaja Nitrobacter kwenye kazi hii ya pili, lakini tangu 1998 imejulikana kwamba kwenye matangi ya maji baridi wafanyakazi wakuu ni Nitrospira. Makundi yote mawili huongezeka polepole: bakteria wa kuozesha chakula wanaweza kujigawa ndani ya saa moja au pungufu, hawa wetu huchukua nusu siku, siku nzima, hata zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza ule ukungu mweupe wa siku ya tatu unaowatisha wengi hadi wanamwaga maji yote. Ukungu ule ni wa bakteria wa kuozesha waliowahi karamu. Hutoweka wenyewe, na kuwepo kwake hakumaanishi tangi linakomaa wala limeharibika.

Kundi la pili huchelewa kwa sababu halina chakula mpaka la kwanza lifanye kazi. Basi amonia hupanda kwanza, kisha inashuka huku nitriti ikipanda, mara nyingi katika wiki ya pili hadi ya nne. Hapo wengi wanapima amonia, wanaona sifuri, wanashangilia na kutia samaki. Nitriti huingia kwenye damu kupitia matamvua na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni; damu hugeuka rangi ya kahawia na samaki huhema hata kwenye maji yenye hewa tele. Kwa tangi lenye samaki tayari, gramu 30 za chumvi ya kawaida zilizoyeyushwa kwanza kwenye jagi, kwa tangi la lita 60, huzuia sehemu kubwa ya nitriti isiingie mwilini. Hiyo ni huduma ya kwanza, tangi linabaki bichi.

Kukomaza kwenyewe bila kutesa samaki hakuna ufundi mkubwa. Weka maji yaliyolazwa, kokoto zilizooshwa, filta ya sponji na pampu ya hewa inayofanya kazi usiku na mchana. Mawe ya granaiti yaliyojaa huku kwetu yanafaa sana, hayabadilishi maji. Saga dagaa wakavu, chukua kama gramu 1 hadi 2, yaani takriban nusu kijiko cha chai, funga kwenye kipande cha soksi nyembamba na utumbukize. Kiasi hicho kikioza kinatosha kufikisha lita 60 karibu na miligramu 2 za amonia kwa lita. Usizidishe kwa kudhani utaharakisha. Amonia ikiwa nyingi mno hata bakteria wenyewe wanazorota. Soksi itolewe dagaa wakishaoza, na kipande kingine kiwekwe amonia inaposhuka, kwa sababu ukiwaacha bakteria na njaa wiki kadhaa wanapungua. Joto la ndani la Mwanza, nyuzi 23 hadi 27 hivi, linawafaa bakteria bila hita.

Pima kwa vipimo vya matone, si kwa macho. Maji yenye nitriti ya kuua yanaweza kuwa maangavu kuliko ya kunywa. Tangi limekomaa pale ambapo ukilitia miligramu 2 za amonia kwa lita, baada ya saa 24 amonia ni sifuri, nitriti ni sifuri, na nitrati imepanda. Ikiwa amonia ni sifuri na nitrati nayo ni sifuri, huenda hakuna kilichotokea humo kabisa.

Kuna tatizo moja la hapa kwetu ambalo maelekezo ya ng'ambo huligusa juujuu. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana chokaa kidogo iliyoyeyuka, na kazi ya bakteria hawa hutoa asidi. Kwenye tangi dogo akiba hiyo ya chokaa huisha, pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, huporomoka chini ya 6.5, na kazi hudorora kwenye wiki ya tatu huku mwenye tangi akijiuliza mbona nitriti haishuki. Kabla ya kulaumu bakteria, pima pH. Ikiwa imeshuka, badilisha robo ya maji, au kama bado hakuna samaki yeyusha nusu kijiko cha chai cha bikabonati ya soda, ile ya mapishi, kwa lita 60. Dawa ya kudumu ni kiganja cha makombe ya ziwani, yale yanayosagwa kwa chakula cha kuku, yakachemshwa na kuwekwa ndani ya tangi. Usipandishe pH ovyo amonia ikiwa bado ipo: kwenye nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali ni kama asilimia 0.6 kwenye pH 7, lakini hufika karibu asilimia 5 kwenye pH 8 na zaidi ya asilimia 30 kwenye pH 9.

Njia ya mkato ya kweli ni moja: sponji la mtu mwingine ambaye tangi lake ni zima na samaki wake hawaumwi. Kata kipande, kisafiri kikiwa ndani ya maji ya tangi lake, kiingie kwenye filta yako siku hiyohiyo. Muda unaweza kushuka hadi wiki moja au mbili. Kuombana chupa ya maji ya tangi kuukuu hakusaidii kitu cha maana, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu.

Tangi likishakomaa linaweza pia kurudi ubichi. Umeme ukikatika, bakteria hupumua oksijeni kama samaki. Filta ya sponji iliyo wazi ndani ya tangi huvumilia, lakini ile ya kopo lililofungwa ikizimwa saa nyingi huoza ndani. Umeme ukirudi, usiiwashe kabla ya kumwaga maji yaliyomo na kuisuuza kwa maji ya tangi.

Kwa anayetaka kuzalisha, hapa ndipo kulaza kunapodhaniwa kukomaza na kumgharimu zaidi. Furu jike hubeba mayai na watoto mdomoni karibu wiki 3. Gapi hubeba tumboni kama wiki 4. Mfugaji anaona dalili, ananunua tangi dogo la watoto, analaza maji siku 2, anamhamishia jike humo. Watoto wanatoka wazima, wanalishwa mara nne kwa siku kama inavyopasa, na chakula chote kile kinaoza kwenye tangi lisilo na bakteria. Ndani ya siku kumi wamebaki wachache. Suluhisho ni kuweka sponji la pili ndani ya tangi kubwa tangu mwanzo, likae humo likipuliza hewa bila kusumbuliwa, angalau mwezi. Siku ya kuhamisha, sponji hilo linahama pamoja na jike, na maji yaliyolazwa yanaongezwa juu yake.

Aliyekwisha kutia samaki kwenye tangi bichi asiwatoe wote kwa hofu. Apunguze wabaki watatu wadogo, wengine wakae kwa jirani mwenye tangi zima. Alishe kidogo mara moja kwa siku, na abadilishe theluthi moja ya maji kila amonia au nitriti inapopita miligramu 0.5 kwa lita, hata ikibidi kila siku. Wiki sita baadaye aongeze wawili wawili.

Na ukimsikia mtu sokoni anasema ameyakomaza maji kwa siku 2, huna haja ya kubishana naye. Mwambie tu kwamba maji ameyalaza vizuri, kisha muulize sponji amelitoa wapi.